Mjapani, Mfaransa na Mjerumani Waenda Msibani

Dufie alikuwa na hela ya kununua gari moja, na nafasi ya kukosea hakuwa nayo kabisa. Aliuza samaki waliokaushwa kwa moshi. Kila Jumatatu alikuwa mnadani Yeji, kule ziwani, akichagua makapu ya kushusha Kumasi. Wiki mbili nyuma lori alilokodi lilikata roho njiani, Ejura. Dereva alishinda uvunguni akigonga-gonga, mvua ikashuka juu ya makapu, na samaki walipofika sokoni wanunuzi walimuuliza kama amewaleta kwa miguu. Wateja wake watatu wakubwa wakahamia kwa jirani. Likitokea tena hilo, biashara imekwisha, na Dufie alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Basi akaenda Suame, mtaa wa gereji pale Kumasi, kwa mafundi, kuuliza swali ambalo pale ni sawa na kurusha jiwe kwenye mzinga wa nyuki: gari gani halisumbui?

Suame kila fundi ana taifa lake. Hawataji kampuni. Wanasema Mjapani, Mfaransa, Mjerumani, utadhani wanagombania viti ubalozini.

"Mama, chukua Mjapani ulale usingizi," alisema Yaw Barima, kijana mwenye mdomo uliotangulia mwili. "Ukishamnunua, mimi na wewe tutasahauliana sura."

"Kwa nini basi foleni ya gereji yako imefika barabarani?" Aliyeuliza ni Kofi Nti, fundi wa Wafaransa, aliyekaa juu ya tairi akila wali na maharage. "Hospitali ikijaa siku hizi ndiyo dalili ya afya?"

"Yamejaa kwa sababu ni mengi. Ya kwako hayaji kwa sababu yamekufa."

"Yamepona!"

"Yamepona kama babu yangu. Naye haumwi tena, kule alipo."

Mzee Sapong, fundi wa Wajerumani, alikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kimya. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba. "Mwanangu, achana na hawa watoto. Mjerumani ni chuma. Ukifunga mlango wake unasikia heshima."

"Na ukisikia bei ya spea unaona malaika," Yaw akadakia.

Kila mmoja alikuwa na gari la kumuuzia. Kila mmoja alifungua boneti, akaipiga injini kofi la mapenzi, akaapa. Dufie alisikiliza mpaka masikio yakamuuma. Akaona kwamba angewauliza mwaka mzima na asingepata jibu lingine, maana wote walikuwa wakisifia mke waliyekwisha kumuoa.

"Sikieni," alisema. "Jumamosi tunamzika babu yangu mdogo, Mampong. Kila mmoja aje na gari hilo analonisifia, aupande mlima wa kufika kule. Mje mmevaa migolole ya msiba kama watu waliolelewa. Kisanduku cha vifaa kibaki hapa."

"Hata spana moja, dada?" aliuliza Kofi Nti.

"Hata moja."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, mafundi watatu walifanya jambo moja: kila mmoja aligeuka kutazama kisanduku chake.

Dufie alitangulia Ijumaa. Jumamosi alikaa upande wa wafiwa, amejifunga nguo nyekundu, jicho kwenye jeneza na sikio kwenye mlima. Barabara ya Mampong inapanda kwa kona za kutesa, na magari mengi hufika juu yakitoa mvuke kama chungu cha ndizi. Alitarajia apokee gari moja, na habari za mawili yaliyoachwa njiani.

Yalifika yote matatu. Kabla ya adhuhuri, bila moshi, bila kusukumwa, yakapangwa chini ya turubai kama maharusi. Dufie alikata tamaa pale pale. Mtihani gani huu ambao wanafunzi wote wamefaulu? Jumatatu ilikuwa kesho kutwa, na bado hajui aingie kwenye gari gani.

Mafundi wakaingia kwenye mstari wa wageni ili wawape mkono wafiwa wote, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kulia. Ndipo Dufie alipoona mwendo wao. Yaw alitembea kwa hadhari, kama mtu aliyebeba mayai. Kofi Nti alitembea kama mjamzito wa mwezi wa tisa. Mzee Sapong hakukunja goti hata moja, alikuwa wima kama nguzo ya simu.

Mwisho wa mstari alikaa chifu, chini ya mwavuli. Na mbele ya chifu, hata uwe nani, unavua ndara na kushusha mgolole begani. Mafundi wale walikumbuka kila kitu siku ile isipokuwa hicho.

Kofi Nti akawa wa kwanza. Alishusha bega, na mgolole ukafunguka. Kwanza ilianguka chupa ya maji. Ikafuata waya, zikafuata plagi mbili, bisibisi, kisha nusu mche wa sabuni ukateleza hadi kwenye kidole cha mguu cha chifu. Ngoma zikakosa pigo.

"Huyu amekuja kuzika," chifu aliuliza, "au kufufua?"

Watu wakaangua kicheko, na hata wajane wakajifunika nyuso. Akafuata Mzee Sapong, ambaye alikuwa ameshika mgolole wake kwa mikono miwili.

"Bega, mzee," alisema msemaji wa chifu.

"Bega lina baridi."

"Kwa jua hili?"

"Baridi ya ndani. Ya ukoo."

"Bega, mzee, au faini. Chupa mbili za pombe kali."

"Zitaletwa," alisema Sapong haraka sana. Akapewa kiti cha heshima. "Nitasimama," akasema, na alipogeuka, kitu cha chuma chini ya mgolole wake kikalia kama kengele ya kanisa.

Yaw Barima alikuwa ameanza kurudi nyuma ya mstari taratibu, lakini shangazi zake Dufie walimsukuma mbele. Akafumba macho, akashusha. Ikaanguka spana moja, namba kumi. Na kiunoni, juu ya kaptula, alikuwa amejifunga mkanda mpya wa feni ya gari.

Mfiwa hainuki kitini hovyo, lakini Dufie aliinuka. Alianza na Kofi Nti.

"Maji ya nini?"

"Tahadhari tu, dada."

"Kofi."

"Ya rejeta."

"Waya?"

"Bomba la moshi. Wakati mwingine linashuka kusalimia barabara."

"Na sabuni?"

Kofi Nti aliangalia chini. "Ya kuziba tangi. Lina tundu dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"Jana mche ulikuwa mzima."

Kwa Mzee Sapong hakwenda kabisa. Kengele ilikuwa imeshajibu. Akasimama mbele ya Yaw.

"Mkanda huu unabana kaptula au injini?"

"Injini, mama. Uliopo una ufa, asubuhi unalia kama paka. Nimekuwa nikisema nitaubadilisha tangu kabla ya Krismasi."

"Na kingine?"

"Hakuna."

"Yaw, nakuuliza mbele ya maiti."

"Mama, ningedanganya ili iweje? Nilivyouogopa huu mlima, ningebeba gereji nzima. Usiku nilizunguka gari mara nne natafuta cha kubeba. Sikuona kingine."

Maneno hayo Dufie aliyaamini, kwa sababu yalikuwa ya kwanza ambayo fundi aliyasema Suame au Mampong bila kuapa.

"Nenda kaufunge sasa hivi," alisema. "Nikiwa nimesimama pale pale."

Yaw alibana mgolole mapajani, akainama kwenye boneti, na kabla waimbaji hawajamaliza wimbo mmoja wa maziko, injini ikawaka bila paka. Kofi Nti alimshikia spana huku akinung'unika kwamba Mfaransa angefungwa kwa muda mfupi zaidi.

Jumatatu Dufie alikwenda Yeji na Mjapani wake. Ejura aliipita bila hata kupunguza mwendo, akapiga honi ya ziada ili mji umtambue. Jumanne asubuhi makapu yalikuwa sokoni Kumasi, makavu. Wawili kati ya wale wateja wakubwa walirudi. Wa tatu alikuwa bado anaona aibu.

Saa nne Kofi Nti alipita, akijifanya anatafuta samaki wa mchuzi.

"Haya, dada. Anasemaje huyo Mjapani?"

"Kiti cha dereva kinachoma makalio," alisema Dufie, akifunga samaki kwenye gazeti. "Redio yake inashika mahubiri tu. Dirisha la nyuma halifungi. Lakini anafika. Unataka wangapi?"