Sabuni kwenye Mfuniko

Pikipiki ya magurudumu manne ilikuwa na ugonjwa uleule aliousema mwenye nayo, Shigela: hukimbia vizuri, kisha huzima. Fundi Rutashobya alipofungua mfuniko wa petroli, tangi lilifyonza hewa kwa mluzi. Kitundu cha mfuniko kilikuwa kimezibwa kwa sabuni ya mche. Bila hewa, petroli haishuki.

"Nani aliziba hapa?"

"Mimi. Ng'washi alikuwa na mimba, harufu ya petroli ikimtapisha."

Rutashobya akaugeuza mfuniko mkononi. Alikuwepo mazishini kwa mke huyo wa Shigela. Alijua uchungu ulivyomshika Ng'washi, pikipiki ikazimazima njiani mpaka kivuko cha mwisho cha kwenda hospitali ng'ambo kikaondoka Kamanga bila wao.

Akakizibua kile kitundu kimyakimya. Kisha akang'oa plagi isiyo na kasoro yoyote, akaitupa.

"Plagi ilikufa, ndugu yangu. Usingeweza kujua."

Shigela akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu msiba. Akainua kiti, akatoa kipande cha sabuni, na mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuniko.

"Acha," alisema Rutashobya, akamdaka mkono upesi mno.

Shigela akautazama mfuniko, akaitazama sabuni. Kisha akaitafuta kwa macho ile plagi iliyotupwa.