Ni Jael Amefunga

Watu wakiona mwanamke ameshika spana hudhani anamshikia mumewe. Mimi Jael simshikii mtu. Pale gereji yetu ya Laini Saba, kando ya reli, mume wangu Okeyo hufungua injini, na mimi hushughulikia vile vitu vidogo vinavyotaka mkono uliotulia. Ulimi wangu haujatulia, lakini mkono umetulia.

Subaru ya Thuo ililetwa Jumatatu. Alitaka ipumue zaidi. Injini huvuta hewa kupitia koo la chuma tunaloliita throttle, na ndani ya koo hilo kuna kisahani kinachofunguka dereva akikanyaga mafuta na kujifunga akiachilia. Ukilipanua koo na kuipunguza unene shafti inayoshika kisahani, hewa huingia kwa wingi na gari hupata nguvu. Kavoi, fundi wa kukereza chuma kule Kawangware, alitupanulia koo na kutukatia kisahani kikubwa zaidi. Shafti niliipiga tupa mwenyewe hadi ikawa nyembamba. Zilibaki skrubu mbili za kukishikilia kisahani, na zile za zamani hazikufaa tena.

Jumatano asubuhi, kabla Okeyo hajafika kazini, nilichokora kwenye kopo nikapata mbili za kuazima, legevu kidogo. Nikazipaka tone la cutex nyekundu, rangi ya kucha, ili zisichezecheze wakati ninapima. Nilipomaliza kupima nikaliacha koo juu ya meza, nikapanda boda kwenda kwa Kavoi kutengenezewa skrubu zenyewe.

Hapo kwenye cutex nisieleweke vibaya. Katika magereji yetu, skrubu yenye tone jekundu imekwisha kufungwa na haiguswi tena. Hilo nalijua sana. Lakini kuna sheria nyingine kubwa kuliko rangi: aliyefungua ndiye anayefunga. Nani angethubutu kugusa kazi yangu?

Nani tena kama si mume wangu.

Kawangware stima ilikuwa imepotea. Nilikaa kwa Kavoi nikinuna hadi mchana iliporudi, mashine ikazunguka, na hatimaye akanitia skrubu mbili kiganjani, zikiwa bado na joto. Nilikuwa namshukuru simu ilipolia. Alikuwa Rosebella, anayeuza chapati mkabala na gereji yetu.

"Mama Timo, hiyo gari yenu inalia vizuri. Imenijazia vumbi kwa unga."

"Gari gani?"

"Si ni ile ya Thuo. Wametoka saa hii na mzee wako, wanaenda kuijaribu barabara ya bypass."

Nilizitazama zile skrubu mkononi mwangu. Kama hizi ziko hapa, basi kule kwenye koo mna zile za kuazima, na cutex ikikutana na mvuke wa petroli hulainika. Skrubu moja ikilegea, kisahani kitakaa upande na kukwama kikiwa wazi. Gari litavuta tu, hata dereva akitoa mguu.

Na Okeyo yumo ndani. Huo ndio utaratibu wetu: siku ya kujaribu gari, fundi hukaa kando ya mteja, ili kama kazi ni mbovu waumie pamoja. Nimewahi kuusifu utaratibu huo mbele ya watu.

Nilimpigia Okeyo. Rosebella akapokea. "Ameacha simu kwangu ikichaji," akasema.

Nilimpigia Thuo. Iliita hadi ikakata. Wakati huo nilikuwa nimesharuka juu ya boda ya Wakoli, aliyenileta asubuhi akaningoja.

"Bypass," nikamwambia. "Na usiniulize kitu."

Tulishuka kuelekea Ngong Road, mkono wangu mmoja ukiwa umemshika Wakoli jaketi na mwingine simu. Niliogopa, nasema wazi. Nikiogopa mimi hukasirika, kwa hiyo nilimtukana Okeyo njia nzima kwa Kiluo na kwa Kiswahili. Nilimwita mjinga. Nilimwita mtu wa haraka. Nilimuuliza mwanetu Timo atamwita nani baba. Nikapiga tena simu ya Thuo, ikaita, nikapiga tena.

Tulipoingia bypass, ikapokelewa. Nilisikia injini kabla ya mtu. Ilikuwa inapiga mayowe bila kushusha pumzi.

"Mama Timo." Ilikuwa sauti ya Okeyo. "Mafuta haiachii. Thuo ametoa mguu na bado inavuta."

"Breki?"

"Anakanyaga. Inanuka."

"Mwambie aweke free, atoe gia. Saa hii."

"Injini itapasuka," Thuo akasema kwa mbali.

"Ipasuke. Weka free, kisha uzime, lakini ufunguo usiutoe, usukani utajifunga. Okeyo, unanisikia? Ufunguo usi..."

Simu ikakatika.

Wakoli aliongeza mwendo bila kuambiwa. Mimi sikuwa na matusi tena. Kila lori lililosimama kando nililiangalia chini, nikitafuta Subaru ya bluu chini yake. Skrubu za Kavoi nilikuwa nimezibana hadi zikaniumiza, na sikutaka kuzitia mfukoni. Niliona kama nikiziachilia nitakuwa nimemwachilia na yeye.

Tuliwaona upande wa msitu. Gari lilikuwa limeacha lami, pua ndani ya nyasi, magurudumu yakitoa moshi. Thuo alikuwa ameegemea mlango, macho yamemtoka. Okeyo alikuwa ameketi chini, mzima, amenyoosha miguu kama mtu anayeota jua.

Nilishuka nikamwendea. Nilikuwa nimempangia maneno tangu Kawangware.

"Niliona cutex," akasema kabla sijafika. "Nikajua umemaliza."

"Nani alikutuma ushike kitu yangu?"

"Thuo alikuja mapema. Na wewe si ni mimi?"

Ni Thuo aliyenizuia kumjibu. "Madam, mimi niliogopa kuikanyaga," akasema. "Nilimwambia twende polepole kwanza. Akaniambia, kanyaga bila wasiwasi, ni Jael amefunga. Akiweka cutex, imeisha."

Nilikaa kwenye nyasi kando ya mume wangu nikalia mbele ya mteja, kitu ambacho sijawahi kufanya. Okeyo alinifungua kiganja akaziona skrubu. Akakifunga tena kwa mkono wake.

Gari lilivutwa hadi Laini Saba. Kwa bahati injini haikuwa imemeza kitu. Ile skrubu iliyotoka tuliikuta imebanwa kati ya kisahani na ukuta wa koo. Niliitoa kwa koleo. Kesho yake nikafunga za Kavoi, nikazigonga mikia kwa nyundo ndogo hadi zikatanuka nyuma na zisingeweza kurudi hata zikitaka. Kisha nikabadilisha breki zilizoungua. Cutex sikupaka. Ile chupa niliitupa mtaroni, na anayeitaka akaitafute huko.

Ijumaa Thuo alikuja kuchukua gari lake. Alizunguka akichungulia, halafu akauliza, "Leo nani anakaa na mimi?"

"Nimefunga mimi, nitakaa mimi," nikasema, nikaingia mbele.

Thuo alikuwa amekwisha kuwasha injini mlango wa nyuma ulipofunguka. Okeyo akaingia akaketi katikati ya kiti, akaweka mikono magotini.

"Shuka," nikamwambia. "Fundi ni mmoja. Timo abaki na nani?"

Hakushuka. Hakuniuliza kama nimezigonga, wala hakutaka kuonyeshwa kitu. Aliufunga mlango, akamgusa Thuo begani.

"Kanyaga," akasema. "Ni Jael amefunga."