Mume Wangu Yuko Hai Benki

Kazi yangu ni kuwauliza watu kama wao ni wao. Nakaa dawati la uhakiki, benki, chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Mteja anaketi, naweka kitambulisho chake kwenye mashine, kamera inamtazama, mashine inasema ndiye au siye. Kuna watu wanapitisha fedha chafu kwa majina ya wenzao, ndiyo maana tunasumbuana. Mzee mmoja aliniambia hata mkewe hajawahi kumkagua hivyo. Nilicheka kwa mdomo tu. Tangu mume wangu afariki, ndivyo ninavyocheka.

Asubuhi hiyo aliyeketi mbele yangu alikuwa shemeji yangu, pacha wa marehemu. Mume wangu ndiye Kurwa, huyu ni Doto, na walifanana kama shilingi kwa ya pili. Nilimtazama kooni, maana usoni nilishindwa.

"Shemeji, akaunti yangu imefungwa," akasema kwa sauti ya chini. "Wananiambia nimekufa. Bosi wangu anacheka, eti nimletee akaunti ya mtu aliye hai ndipo anilipe."

Nilijua. Mume wangu alipozidiwa, mwenye bima ya afya alikuwa Doto peke yake. Mama mkwe akasema sura ni moja, nani atajua? Basi Kurwa akalazwa kwa kadi ya Doto. Hakuna aliyewaza kwamba atafia humo. Hospitali ikaandika kwamba amekufa Doto, kibali cha mazishi kikatoka kwa jina la Doto, nasi tukazika hivyo hivyo, midomo tumeifunga. Kazini wakanipa pole ya shemeji. Likizo ya mfiwa nikanyimwa, kwa sababu shemeji hayumo kwenye orodha ya ndugu wa karibu. Nikarudi kwenye kiyoyozi changu.

"Sasa unataka nifanyeje?"

Akasogeza kitambulisho mezani. Kilikuwa cha mume wangu.

"Akaunti ya Kurwa imelala tu. Niamshie. Wanangu wanakula kwa jirani, shemeji, naona aibu hata kurudi nyumbani. Tukisema ukweli wa bima mimi natiwa ndani, na wewe kazi huna."

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Mke wangu, kwenye karatasi tu." Akainamisha kichwa. "Sikuvunjii heshima."

Hakunivunjia heshima. Sikuhisi hasira, sikuhisi chochote, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikaweka kitambulisho kwenye mashine na kusema maneno ninayosema kutwa nzima. Geuka kushoto. Geuka kulia. Fumba macho.

Akafumba. Ndivyo mume wangu alivyokuwa walipomfunua mochwari nimtazame.

"Nifumbue?"

"Fumbua."

Mashine ikakubali bila kusita. Likabaki swali la mwisho, lile ambalo kamera hairuhusiwi kujibu, la ofisa mwenyewe: mtu huyu ndiye? Doto alishusha pumzi kama aliyetua gunia. Nikapeleka kidole kwenye ndiyo. Nilikuwa nabonyeza, sitaki kujisafisha. Watoto wake wananiita mama mkubwa.

Meneja akapita na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu, akatazama skrini, akamtazama Doto.

"Kumbe ni bwana wa nyumbani," akasema, akampa mkono. "Pole sana kwa kufiwa na pacha wako. Mkeo alijikaza mno, hata siku moja hakulia."

Doto akaupokea mkono. "Ahsante," akasema. "Tumeshapoa."

Tumeshapoa. Nikauondoa mkono kwenye kitufe.

"Siye," nikasema.

"Siye nani?" Meneja alikuwa bado anatabasamu.

"Huyu siye mume wangu. Huyu ndiye Doto. Mume wangu amekufa."

Sikuwa nimewahi kulisema kwa sauti, hata nikiwa peke yangu chumbani. Doto akajifunika uso kwa viganja, nami nikamwonea huruma sana, huruma ya kweli, ya kwanza tangu mazishi. Meneja akaweka kikombe juu ya dawati na kuniuliza kama najua ninachokisema, na kama najua kitakachonipata.

Nilijua. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kitambulisho cha mume wangu, nikakifuta kwa ukingo wa sketi.

"Naomba ile likizo ya mfiwa," nikamwambia.