Muhtasari na Redio ya Jikoni

Mtangazaji wa taarifa ya habari alikuwa na kanuni moja ya kazi, nayo aliifuata hata nyumbani: sauti haipotezwi. Aliitumia studioni. Akivuka kizingiti cha nyumba yake, aliifunga kama duka. Chumvi aliiomba kwa kidole. "Ndiyo" yake ilikuwa kuinamisha kichwa. "Hapana" yake, kukitikisa. Mkewe alikwishazoea. Wenzake waliolewa na wabahili wa fedha, alisema. Yeye aliangukia bahili wa maneno.

Watoto wao walipohama, nyumba ikawa kimya mno, hata kwa aliyeuasisi ukimya huo. Akamwomba dada yake, mfuga mbwa, ampe mtoto wa mbwa. Dada alisita. Alimkumbuka kasuku wa nyumba ile, aliyekosa wa kumsemesha, na aliwakumbuka samaki waliosahauliwa.

"Nakupa kwa sharti, mdogo wangu. Ameshaacha kunyonya. Macho yamefunguka, masikio yanasikia, na ndugu zake wamemfundisha kucheza bila kuumiza. Mama yake amemaliza kazi. Sasa ni zamu yako, na umri huu haurudi. Samaki mkunje angali mbichi. Mpakate, mlishe kwa mkono wako, na zaidi ya yote aizoee sauti yako. Nitakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikikuta hakujui, naondoka naye."

Mtangazaji akainamisha kichwa.

Mke alimwita mtoto yule Muhtasari, kwa kuwa alikuwa mfupi na hakukuwa na asubuhi iliyoanza bila yeye. Mtangazaji alimpenda papo hapo. Lakini sharti la sauti liligongana na kanuni ya sauti. Mtu aliyesoma hakosi njia. Aliweka redio sakafuni jikoni, kando ya tandiko la mbwa, akaitega kwenye kituo chake.

"Atanisikia kutwa," alimnong'oneza mkewe.

Mpango ulifaulu kupita kiasi. Taarifa ya asubuhi ilipoanza, Muhtasari aliacha chakula, akaketi mbele ya redio, masikio juu. Sauti ikitangaza mafuriko, alitikisa mkia. Ikitangaza kupanda kwa bei ya mafuta, aliilamba redio. Jioni, mwenye sauti alipoingia, mrefu, kimya, akinyata ili asimshtue, Muhtasari aliona mwizi. Alijibanza nyuma ya redio na kuibwekea miguu ile mpaka ikaondoka.

"Usihuzunike," mke alimwambia. "Angalau humu ndani mmoja wenu anaongea."

Mtangazaji alirudi na mfupa mfukoni kila siku. Aliuweka sakafuni, akangoja. Mfupa haukuguswa mpaka atoke. Nchi nzima ilimkaribisha ndani asubuhi, na kiumbe wa ukubwa wa kiatu hakumtaka. Mtangazaji akakonda.

Jumapili dada alifika na kikapu chenye mfuniko. Hata kiti hakukitaka.

"Mwite."

Mtangazaji alichuchumaa, akanyoosha mkono, akanong'ona jina. Muhtasari akaingia nyuma ya redio.

"Basi, mdogo wangu. Usinichukie. Wifi, nishikie mfuniko."

Akamtia mbwa kikapuni. Kilio chembamba kikasikika humo ndani. Mtangazaji alisimama wima. Kinywa kikafunguka na, kwa hofu, kikatoa kile tu kilichokizoea:

"Mabibi na mabwana, mbwa huyu haondoki!"

Vikombe vilitetemeka kabatini. Kilio kikakoma. Pua ikausukuma mfuniko. Muhtasari aliruka nje, akaipita miguu ya mtangazaji, akaikimbilia redio. Redio ilikuwa imezimwa. Akainusa. Akageuka.

"Endelea," dada alisema. Sasa aliyenong'ona alikuwa yeye.

"Taarifa zaidi," mtangazaji akasema, huku akipiga magoti, "zinaeleza kwamba mwenye mbwa hana mbwa mwingine. Duru za kuaminika zinasema mifupa ile aliileta yeye. Zinasema pia..."

Sauti ikakwama, jambo ambalo halikuwahi kutokea hewani. Muhtasari aliifuata ilikotoka, akanyata, akakinusa kinywa cha mtangazaji, kisha akakilamba.

"Kumbe imo humo!" mke alisema, akijifuta macho. "Miaka yote hii nami nilidhani imo redioni."

Dada alipima mambo. Kisha akaiokota redio, akaitia kikapuni, akafunika.

"Mbwa anabaki. Yaya naondoka naye."

Tangu hapo mtangazaji huingia nyumbani akitangaza, na Muhtasari humlaki mlangoni. Kazini wanalalamika kwamba sauti yake ya asubuhi ina mikwaruzo. Mkewe hajui kama ni kweli, hana redio. Jioni humsikiliza akimweleza mbwa mambo ya siku nzima, kwa mpangilio, kuanzia habari kubwa hadi michezo. Akimaliza, mke huuliza kutoka chumbani:

"Na habari za humu ndani, zitasomwa saa ngapi?"

Mtangazaji hukohoa, akasafisha koo, akaenda kuzisoma. Mbwa humfuata.