Sauti ya Fundi Majokofu

Mshonaji hakuwa mwanamke wa uongo. Mteja akimletea kitambaa kibovu, alimwambia ni kibovu mbele za watu, na kwa ulimi huo alikwishakosana na nusu ya mtaa. Ndiyo maana uongo wake mkubwa wa kwanza ulimkaa vibaya, kama kiatu cha kuazima.

Lori liligonga gari la mwanawe. Mwanawe, fundi majokofu, alikufa papo hapo. Mke wa kijana huyo, aliyekuwa naye garini, alifikishwa hospitali akiwa taabani. Wakamtoa bandama, tumbo wakaliacha wazi kwanza chini ya bandeji mpaka damu itulie, wakalifunga baadaye. Tangu hapo alikuwa chumba cha mahututi, mpira kooni, mashine ikimpumulia, akili imezamishwa kwa dawa ya usingizi. Mazishi ya mumewe yalimpita akiwa humo. Mshonaji hakudondosha chozi kaburini, na watu wakamsifu kwa moyo wake mgumu.

Daktari wa chumba kile alikuwa kwenye utafiti. Alimweleza mshonaji kwamba wengi wa wagonjwa hawa huzinduka wakiweweseka, wanaona wadudu ukutani, wanang'oa mipira. Basi walikuwa wanajaribu kuwasikilizisha sauti ya mtu wa nyumbani kwa vispika vya masikioni, asubuhi na jioni, waone kama akili itatulia. Akamwomba ajirekodi akisema lolote la kawaida. Mshonaji alijaribu, na kila alipofungua mdomo, maneno yaligoma. Mwishowe akachukua simu ya mkwewe, akatafuta jumbe za sauti za marehemu, akampelekea muuguzi. Muuguzi alipouliza huyu mume mbona haonekani, mshonaji akajibu kwamba yuko safarini. Si uongo kamili, alijiambia, maana hiyo nayo ni safari.

“Mke wangu, leo nitachelewa, friji la bucha limegoma. Funga geti, ufunguo ninao.” Kisha kicheko chake kile cha puani. Mapigo ya moyo ya mgonjwa yakatulia, muuguzi akafurahi.

Mshonaji akaomba kispika kimoja cha sikioni, eti ahakikishe sauti ni safi. Kesho yake akaomba tena. Punde akawa anafika mapema kuliko madaktari wenyewe, anainama kichwa chake kikigusana na cha mkwewe, wanasikiliza wawili. Majirani walimsifu kwa kumpenda mkwe. Mapenzi yalikuwepo, lakini tusidanganyane: alikuja kumsikiliza mwanawe. Mle ndani, katikati ya milio ya mashine, mwanawe alikuwa bado anachelewa kazini tu. Nyumbani mshonaji aliacha kufunga komeo la geti. Siku moja upepo ulisukuma geti, naye akainuka kupasha chakula moto, na akapakua kabisa.

Daktari aliposema wataanza kupunguza dawa ili mgonjwa aamke, mshonaji alijikuta anatamani wachelewe kidogo. Alijichukia kwa tamaa hiyo, lakini haikumtoka. Mkwe akiamka, sauti itazimwa, na yeye itabidi aseme neno moja ambalo hakuwahi kulitamka tangu ajali. Alihofia litamuua yule aliyebaki.

Mkwe akaamka. Mpira ukatolewa. Hakuweweseka hata kidogo. Alijua siku, alimjua kila mtu, na daktari akatoka anatabasamu. Muuguzi akamwambia mshonaji ampigie mwanawe simu, aje aone maajabu. Mshonaji akajitia hamnazo.

“Mama, kaa,” mkwe alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika.

Akakaa.

“Nilikuwa namsikia. Nilimwomba maji, akaniambia nifunge geti. Nikamwambia tumbo linaniuma, akanisimulia habari za friji, halafu akacheka. Mume wangu hajawahi kucheka mimi nikiumwa.” Akapumzika. “Nikajua. Nimelia humo humo ndani, hakuna aliyeona.”

Mshonaji alinyoosha shuka ambalo halikuwa limekunjamana. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mzigo umetuliwa na mwingine. Kilichobaki ni kuitikia tu.

“Yuko safarini, mwanangu,” akasema. “Akimaliza kazi atakuja.”

Mkwe alimtazama, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa huruma, ile ambayo mshonaji alikuwa amejiandaa kumpa yeye.

“Nilikuwa nakusikia na wewe,” mkwe alisema. “Kila akisema anachelewa, unamjibu: sawa baba, njoo salama. Nilidhani unamjibu kwa ajili yangu.”

Akautafuta mkono wa mama mkwe wake, wenye sugu za mkasi, akaushika kwa nguvu kidogo alizokuwa nazo.

“Mama. Amekufa.”

Na mwanamke yule, aliyeikata sanda ya mwanawe kwa mkasi wake mwenyewe, akauliza, “Lini?”