Faili Mama

Mtungi wa kwanza ulimpata Mama Riek kwenye shavu kabla hajautua wake. Ule ulikuwa mtupu, kwa hiyo haukumwangusha. Wa pili ulikuwa umejaa.

"Wanaua mama!" mtu akapiga kelele, na hapo kila mwenye mkono akaokota kitu. Mawe hayakosekani kambini Kakuma. Bloki ya juu walirusha, bloki ya chini wakarusha, na maji waliyoyagombania yakamwagika bure mchangani. Mwanamume mmoja alivunjwa mkono kwa rungu. Pontien, fundi baiskeli wa bloki ya chini, alipasuliwa kichwa, akakaa chini akishangaa jinsi damu inavyochoma ikiingia machoni. Polisi walipofika na kufyatua risasi hewani, watu walitawanyika, wakaacha ndala, mitungi na meno.

Mtu akikwambia vita huanza kwa sababu kubwa, mcheke. Hivi vilianza kwa sababu watu wa bloki mbili waliitwa kwenye mfereji mmoja wakati mmoja. Zamani kila bloki ilikuwa na mfereji wake, na tangu kijana mmoja auawe kwa panga wakati wa ukame, hakuna aliyetaka kumwona mwenzake karibu na maji. Na aliyekuwa akipanga zamu za maji ni Nyawal wa bloki ya juu, binti ya Mama Riek mwenyewe.

Nyawal alisomea kompyuta humo humo kambini, ndani ya kontena lenye feni moja, kisha akapata kazi katika shirika dogo la maji lenye ofisi yake Lodwar. Programu yake ilituma meseji kwa kila familia: njoo mfereji fulani, saa fulani. Hakuiandika yote kwa mkono. Nani angeweza, na mifereji yote ile? Yeye na mwenzake wa Lodwar, Akeno, waliandika faili moja tu ya kanuni, wakaiita mama. Kila programu ilipojengwa upya, mashine ilimsoma mama na kuzaa faili nyingine zote yenyewe, moja kwa kila mfereji. Juu ya kila moja iliandika onyo: Usinihariri. Nimeandikwa na mashine.

Onyo hilo Nyawal alilijua vizuri, alilitunga yeye. Lakini mfereji wa bloki ya chini ulikauka, watu wake wakahamishiwa ule wa bloki ya juu, na vijana wakaanza kunoa mapanga. Haraka haraka haina baraka, ni kweli, lakini hebu jaribu kutembea polepole nyumba yako ikiungua. Alifungua faili ya mfereji ule, iliyozaliwa na mashine, akaandika ndani yake kwa mkono: hawa asubuhi, hawa jioni. Watu wakachota kwa amani, na mama yake akamsifu kanisani mpaka akaona haya. Kwenye faili mama nitaandika kesho, akajiambia. Kesho hiyo ilipitwa na kesho nyingine.

Kisha siku moja kabla ya vita, Akeno akaongeza mfereji mpya wa Kalobeyei, akaijenga programu upya. Mashine ikafanya kazi yake kwa uaminifu wote. Ikafuta faili za zamani, ikaandika mpya.

Nyawal aligundua hayo akiwa ametoka hospitali, ambako mama yake alilazwa taya limevunjika. Alikaa mlangoni kwao, akafungua kompyuta, akaitafuta ile mistari yake. Haikuwepo. Alitafuta tena, kama mtu anayepekua mfuko ambao anajua umetoboka, kisha akainama akatapika.

Nje, kaka yake, Riek, alikuwa ananoa panga juu ya jiwe, wanaume wenzake wamemzunguka.

"Wamekuja saa yetu makusudi," alisema. "Mama wamevunja taya. Leo na sisi tunaenda kwao."

"Kaka, hawakukuja makusudi. Simu iliwaita."

"Unatetea hao?"

"Ni mimi, Riek." Aliogopa, aliogopa sana, lakini alimgeuzia kompyuta. "Niliandika mahali si pa kuandika. Mashine ikafuta. Pontien na watu wake walipata meseji kama sisi. Ni mimi nimevunja mama taya."

Riek aliangalia kioo kile ambacho hakuelewa hata neno lake moja. Kisha akampiga dada yake kofi lililomlaza chini, na panga likashukia kompyuta. Pigo la kwanza lilipasua kioo. La pili lilirusha vitufe mchangani. Aliendelea kukata, akilia kwa sauti bila kujali nani anamsikia, mpaka panga likakwama kwenye plastiki na akalazimika kulikanyagia kwa mguu ili kulinasua.

"Basi, Riek," alisema Wol, jirani yao. "Huyo ni dada yako."

Nyawal aliinuka, damu ikimtoka mdomoni. "Umevunja, sawa. Lakini meseji za kesho hazitoki hapa. Zinatoka Lodwar, jioni hii. Zitawaita wote tena."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Nyawal alikuwa tayari amepiga simu.

"Ejok, Akeno," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok nooi. Sauti yako iko na nini?"

"Fungua mama."

"Nyawal, kuna mtu amekupiga?"

"Fungua mama, dada yangu, nakuomba. Andika vile nakwambia."

Kiti kikakwaruza sakafu kule Lodwar. "Nimefungua."

"Mfereji ukiwa na bloki mbili, zisiitwe pamoja. Ya kwanza asubuhi, ya pili jioni."

"Hii yenu tu?"

"Yote. Kila mahali."

Vitufe vya Akeno vilisikika vikigonga. Wanaume waliokuja kwa vita walisimama wakisikiliza simu, kila mmoja na silaha yake mkononi, hawajui waiweke wapi.

"Nijenge?"

"Jenga. Halafu nisomee faili ya mfereji wetu."

Walingoja. Riek alikuwa anahema kama punda aliyetolewa mzigo.

"Bloki ya juu, asubuhi," Akeno akasoma polepole. "Bloki ya chini, jioni."

"Tuma," alisema Nyawal, akakaa chini hapo hapo alipotapika.

Simu ya Wol ndiyo iliyolia kwanza. Kisha ya mwingine, na nyingine, na ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, kwa akina Pontien, milio ile ile ikaanza. Ndani ya mfuko wa shati la Riek kitu kikatetemeka. Ilikuwa simu ya mama yao, aliyokabidhiwa hospitali pamoja na nguo zake zenye damu. Alihamishia panga mkono wa kushoto, akaitoa.

Mama Riek, zamu yako ya maji ni kesho asubuhi. Karibu.

Aliisoma, akairudia. Mtungi wa mama ulikuwa umeegemezwa mlangoni, umebonyea upande mmoja lakini haukupasuka. Riek aliutazama kwa muda mrefu, panga bado mkononi.