Dada Aliyeandikwa Mdogo

Wewe uliyeketi karibu, jaribu hiki: ndugu wawili wa tumbo moja wamejenga jirani, kilima kimesimama katikati, na tangu wazaliwe hawajatembeleana hata siku moja. Umeshindwa? Haya, mji umeshanipa, nakutegulia mwenyewe: ni macho, na kilima ni pua.

Notburga na Rosina nao walikuwa ndugu wa tumbo moja, na kati yao kulikuwa na vilima vingi kuliko hicho kimoja. Notburga alibaki kule juu, upande wa Litembo, kwenye kahawa na mahindi. Rosina aliolewa ziwani, karibu na Liuli, kwa watu wa samaki na mihogo. Lakini wao kutembeleana hawakushindwa. Kila mwaka, kahawa ikishaanikwa, mmoja alimfuata mwenzake, wakakaa juma zima wakipika, wakisali na kusutana kwa makosa ya utotoni ambayo hakuna mwingine duniani aliyeyakumbuka.

Mwaka huu Notburga alishuka siku ya Alhamisi, bodaboda mpaka Kingerikiti, kisha juu ya lori lililokuwa linafuata mihogo. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Mwanga aliuona, kivuli alikiona, uso wa mtu hakuuona. Msimu uliopita aling'oa maharage akidhani ni magugu, mistari mitatu mizima, mpaka jirani akapiga kelele. Ndipo Rosina akampigia simu: madaktari wa macho wanakuja kwenye kituo cha afya cha kata, Jumatatu mpaka Ijumaa, na wazee wanatibiwa bure.

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya mwisho, Rosina alikuwa jikoni anachochea moto.

"Dada, umelala au unasali?"

"Nasali."

"Rozari nzima?"

"Matendo ya uchungu. Leo Ijumaa."

"Na chai inapoa. Nyie Waroma mnamchosha Mungu kwa maneno yale yale."

"Na nyie Waanglikana mnamsomea kitabuni kama mnamsomea mashtaka. Mimina chai."

Rosina akacheka, akamimina. Alikuwa ameacha Uroma siku alipoolewa, na kwa zaidi ya miaka arobaini hawajamaliza ugomvi huo, wala hawakutaka uishe. Walipiga ishara ya msalaba wote wawili, maana kwa hilo hawagombani, kisha Rosina akaanza kumtolea dada yake miiba ya samaki, kipande kwa kipande, akimwekea pembeni mwa muhogo wa kuchemsha.

"Zamani mimi ndiye niliyekutafunia mahindi," Notburga alisema.

"Ndiyo maana nimezeeka na meno mabovu. Ulinipa mate yako."

"Nikipona, kitu cha kwanza nitatazama hizo mvi zako unazojisifia kwenye simu."

"Utazame haraka. Zimebaki chache."

Walifika kituoni jua likiwa bado halijapata makali. Foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Ukutani palibandikwa karatasi, na Rosina akamsomea dada yake kwa kuikaribia sana: wazee, miaka sitini na kuendelea, bure. Mezani aliketi karani aitwaye Kilian, mbele yake kompyuta ndogo na kijitabu cha stakabadhi.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Kitambulisho." Akabonyeza, akasubiri mtandao, akabonyeza tena. "Mama Notburga, wewe mbona bado binti? Mfumo unasema umezaliwa mwaka wa sitini na sita. Hujatimiza sitini."

"Nimezaliwa hamsini na tisa, mwanangu."

"Kadi inasema sitini na sita."

Rosina akasogea mbele. "Baba, huyu alinibeba mgongoni. Na mimi nimezaliwa sitini na mbili, hii hapa kadi yangu, angalia. Anayebeba na anayebebwa, mkubwa ni nani?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Kilian naye akacheka, hakuwa mtu mbaya.

"Mama, mimi nakuelewa. Mfumo ndio haunielewi. Kwenye mfumo wewe ndiye dada, yeye ndiye mdogo wako. Nikijaza vingine unagoma, unakuwa mwekundu."

"Basi andika kwa kalamu."

"Kalamu haitambuliki, mama."

"Sasa afanyeje?"

"Aende wilayani akarekebishe. Alete cheti cha kuzaliwa."

"Alizaliwa kwenye shamba la maharage."

"Basi barua ya mtendaji, pamoja na kadi ya kliniki ya utotoni."

"Kadi ya kliniki ya mwaka wa hamsini na tisa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Au alipie." Akataja bei. Ilikuwa sawa na mahindi yote yaliyomo ghalani kwa Notburga, pamoja na ya mbegu. "Anayefuata!"

Kosa lenyewe lilikuwa la zamani, na aliyelifanya hakukusudia ubaya. Baba yao aliishi na mama yao miaka mingi kabla ya kufunga ndoa kanisani, na padre wa wakati ule hakubatiza watoto wa ndoa kama hiyo. Notburga, mtoto mwenye afya, akaambiwa asubiri. Rosina yeye alizaliwa amekauka kama kuni, hata kulia hakuweza, na mkunga akambatiza palepale kwa maji ya kwenye kikombe ili asife mpagani. Hakufa. Jumapili iliyofuata akaandikwa kitabuni, tarehe na mwaka, sahihi kabisa. Notburga alibatizwa akiwa na miaka saba, wazazi walipokwisha kufunga ndoa, na katekista Joakim, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote parokiani, akaandika mwaka wa ubatizo mahali pa mwaka wa kuzaliwa.

Watu wa vitambulisho walipopita kijijini wakamwuliza Notburga amezaliwa lini, aliwatolea cheti cha ubatizo. Hakuwa na karatasi nyingine. Na tena hakuona kosa. Katika mafundisho walikuwa wameambiwa kwamba mtu huzaliwa hasa siku anapobatizwa, na tangu utoto hiyo ndiyo siku aliyoishika, siku aliyopika wali na kuwaita majirani. Akaitaja kwa fahari, na yule mtu akaiandika.

Pale kituoni, dada wale wawili wakaketi kwenye benchi la nje. Rosina akamsogelea mwenzake, akashusha sauti.

"Dada, nisikilize. Jina langu likiitwa, simama wewe."

"Kwa nini waliite jina lako?"

"Nimeliandikisha. Usiulize sana. Karani ameenda kula, ndani kuna nesi tu, asiyetujua. Kitenge kimoja, pua moja, hata kwenye picha za kadi zetu ni bibi mmoja amekasirika mara mbili."

"Unataka niseme uongo?"

"Uongo upi? Mungu anajua wewe ndiye mkubwa. Kadi ndiyo inayodanganya. Sisi tunasema kweli kwa njia ya kuzunguka."

"Yakobo naye alizunguka. Alivaa ngozi ya mbuzi, akamwendea baba yake asiyeona, akasema mimi ndimi Esau."

"Na baraka akapata!"

"Akapata. Halafu miaka ishirini hakumwona ndugu yake."

"Wewe huu mwaka wa pili hunioni, na hujavaa ngozi ya mtu."

 Notburga akashika rozari mfukoni, lakini hakusali. Alihesabu tu punje kwa kidole. Alifikiria maharage yale yaliyong'olewa, yalivyokuwa laini mkononi, na jinsi alivyokuwa anaimba wakati anayang'oa. Alifikiria jumuiya yao ya sala, ambako alikuwa msomaji wa masomo kila Alhamisi na sasa alisomewa na mtoto wa darasa la nne.

"Wakiniuliza jina, niwaambie nini?" alisema.

"Hawaulizi. Wana haraka."

Mchana ulipogeuka, nesi alitokea mlangoni. "Rosina!"

Notburga alibaki amekaa. Rosina akamshika kiwiko, akamwinua kama anavyoinuliwa mgonjwa, akamsukuma mgongoni kidogo. Miguu ikaenda. Ndiyo ukweli wenyewe, miguu ilikwenda.

Mlangoni akavuliwa viatu, na Rosina akavipokea, akarudi navyo kwenye benchi. Ndani kulikuwa na harufu ya dawa na ubaridi wa sakafu. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu aliyechoka tangu Jumatatu, alimkalisha kwenye kiti.

"Mimi naitwa Luisa, bibi. Usiogope. Lala kichwa nyuma, nikutie matone."

Matone yakachoma. Karatasi zikafunuliwa.

"Una bahati, bibi. Vile vioo vya kuweka ndani ya jicho vimebaki viwili tu, mzee mmoja mbele yako kisha wewe. Wakifunga leo, kuja tena hatujui, labda mwaka kesho, labda hapana." Akasoma. "Rosina. Ulipimwa Jumatatu, jicho la kushoto. Mtoto wa jicho amekomaa, jicho hilo halioni hata vidole. La kulia limeanza. Si ndiyo?"

"Jumatatu?" Notburga aliuliza.

"Jumatatu. Nilikupima mimi mwenyewe, ila nimepima watu mia, nyuso zimenichanganya. Ulisema ulianguka na ndoo kwa sababu upande wa kushoto huoni. Ulilia hapa, hukumbuki? Ukaniambia, usimwambie mtu, dada yangu anakuja na yeye haoni kabisa."

Jumatatu Notburga alikuwa bado kule juu, anafunga nguo zake kwenye kapu.

Luisa hakungoja jibu. Akakata kipande cha plasta, akaandika kwa kalamu ya wino mzito, akakibandika kwenye paji la uso la Notburga, juu ya jicho la kushoto, akikikandamiza kwa kidole gumba. Kidole kilikuwa na joto. Pale pale padre alimmwagia maji akiwa na miaka saba, pale pale askofu akampaka mafuta, na mara zote mbili jina lilitamkwa kwa sauti ili watu wote walisikie.

"Umeandika nini?" aliuliza.

"Jina lako, bibi, na jicho lenyewe. Tusije tukakosea mtu."

Mzee wa mbele alitoka amefungwa bandeji, anashikwa mkono, anacheka peke yake. Luisa akamwongoza Notburga hadi chumba cha ndani, akamlaza juu ya kitanda chembamba. Taa kubwa ilikuwa juu yake. Hata kwa macho yale aliiona, nyeupe, kubwa kuliko mwezi. Hakuwahi kuona mwanga mwingi hivyo kwa miaka miwili. Mwili wote ukautamani.

Sauti ya mwanaume ikasema kutoka nyuma ya barakoa: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Dakika ishirini tu, na kesho utaona. Luisa, huyu ndiye wa mwisho?"

"Wa mwisho, daktari. Kioo kimebaki hiki kimoja."

Vyuma viligongana kwenye sinia. Daktari akavuta kiti.

"Huwa tunauliza kabla hatujaanza, hata kama tumeshaandika. Jina lako ni nani, bibi?"

Notburga alifumba macho, na mwanga ule ukabaki ndani ya kope, mwekundu. Rosina alikuwa na jicho moja, na hilo moja limeanza. Mwaka kesho labda, labda hapana. Na kwenye mfumo wa Kilian pangeandikwa kwamba Rosina wa ziwani ameshatengenezwa jicho la kushoto, na huyo mfumo hausahihishwi kwa kalamu. Rosina angerudi na jicho lake lile lile, angeambiwa, mama, wewe mbona umeshatibiwa? Angecheka. Angesema amesahau. Angeendelea kumtolea mtu miiba kwa kupapasa.

Kwao, njaa ilipoingia, mkubwa hakutangulia sahani. Hilo halikuandikwa popote. Mama yao alilisema mara moja tu, na Notburga alikuwa na miaka sita wakati huo, sita ya kweli.

"Bibi?" daktari alisema. "Umelala? Nakuuliza jina."

Notburga akainua mkono, akaipapasa plasta kwenye paji la uso, akaibandua taratibu kuanzia pembeni. Iliuma kidogo kwenye nyusi. Akakaa, miguu mitupu ikaning'inia kitandani.

"Naitwa Notburga," alisema. "Dada mkubwa wa Rosina. Mwenye hilo jicho yuko nje kwenye benchi, ameshika viatu vyangu. Mwiteni."